Fundi na Sarafu Mbili
Fundi huyu hanifuati mimi, kama majirani wa hapa Ipoh wanavyonong'ona. Analifuata gari kuukuu ambalo marehemu mume wangu alikuwa akilifufua, akafa kabla ya kulifungia milango. Nami nataka sana kumuuzia. Lakini kila Jumamosi hunawa grisi hadi viwikoni, huwasha udi mbele ya picha ya marehemu, kisha hurusha sarafu mbili kumwomba ruhusa. Zikifanana, amekataa. Zimefanana mara sita.

“Shemeji, lichukue tu!”

“Mwenyewe hajaridhia, shemeji. Unataka anizimie injini njiani?”

Jana aliuliza vingine: “Kaka, basi nilimalizie kwanza, hapahapa kwako?” Sarafu zikatofautiana. Akajifuta machozi kwa tambara la grisi. Sasa atakuja kila siku. Majirani wasiniulize, sina la kuongeza.