Uzi wa Usipa

Kila nikipita penye usipa wakavu sokoni Mbinga, shingo huniwasha. Kwenye tuisheni ya Kiingereza kule ziwani, mwalimu aliwatunga dagaa hao kwenye uzi. Aliyeteleza akasema Kinyasa au Kiswahili aliuvaa shingoni mpaka mwenzake ateleze. Mtihani umekaribia, alituambia, huruma haifaulishi mtu.

Jioni moja mjomba alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwanangu, ziwa limemchukua baba yako."

Nikapiga yowe kwa Kinyasa, nikimwita baba. Rafiki yangu, aliyekuwa ameuvaa ule uzi tangu mchana, alinitazama, kisha akamtazama mwalimu.

"Sheria haijui msiba," mwalimu alisema.

Rafiki yangu akauvua, akaniletea. Nami nikainamisha shingo.