Nilimbandika Salumu Gundu Ili Kuficha Pilau Langu

Nimekosa, jamani. Sitaki kuzunguka. Nilimkosea mtu ambaye hakuwahi kunifanyia baya hata la kunisonya, na nilimkosea huku nacheka.

Jina langu liacheni. Mimi ni mama ntilie, nina jiko langu Kariakoo, kwenye kichochoro kati ya maduka ya vitambaa. Umri wangu arobaini na moja, mdomo wangu kama cherehani. Wanaonijua wakisoma hapa watanitambua kwa hilo la mdomo tu.

Nashabikia timu ndogo. Si hizi kubwa zinazowagombanisha mabwana na wake zao, hapana. Timu ya mtaani, inacheza kwenye viwanja vya vumbi. Tawi letu la mashabiki linakaa kwenye mabenchi yangu kila siku baada ya alasiri. Tukishinda tunacheka, tukifungwa tunacheka zaidi. Na mchekeshaji ni mimi. Wanaume wazima walikuwa wanafunga kazi mapema waje kusikia leo nitamwaga nini. Nami nilivyokuwa napenda! Wengine wanalewa pombe, mimi nilikuwa nalewa vicheko vyao.

Kwenye tawi alikuwepo mtu, nitamwita Salumu. Fundi feni. Alikuja mjini kutoka Newala miaka mingi nyuma, mkewe akabaki kule na watoto, yeye akapanga chumba Buguruni. Meza yake ya kazi ilikuwa kwenye kibaraza cha duka, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Mpole, mwembamba, akiongea utadhani anaomba radhi. Lakini kwenye mechi! Alikuwa anapiga ngoma mpaka viganja vinachubuka. Mimi aliniita dada. Ndugu wa damu hapa Dar hakuwa nao. Ndugu zake tulikuwa sisi.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Kulikuwa na mechi kubwa, tukishinda tunaingia fainali. Mwenyekiti wa tawi akanipa kazi ya kuwapikia wachezaji pilau la mchana. Nilikuwa na nyama ya tangu juzi, na jana yake umeme ulikatika kutwa nzima. Nilipofungua ile nyama, nilijua. Harufu haikuwa kali, lakini mpishi anajua. Nikaiosha kwa siki, nikaikamulia ndimu, nikazidisha tangawizi na bizari. Nikasema moyoni, moto utamaliza.

Moto haukumaliza kitu.

Kipindi cha kwanza tulienda vizuri, hakuna bao. Kipindi cha pili beki wetu akatoka uwanjani mbio, kashika tumbo, hata ruhusa hakuomba. Kipa akatapika pale pale kwenye mlingoti. Tukapigwa manne. Manne!

Mwenyekiti akauliza kwa sauti, huku ananitazama mimi, "Hivi hawa vijana leo wamekula nini?"

Niliona jiko langu limefungwa, niliona watu wanapita kichochoroni wananinyooshea vidole. Nikageuka, nikamwona Salumu kasimama nyuma ya goli na ngoma yake. Alikuwa amechelewa, kafika kipindi cha pili kinaanza. Mdomo wangu ukafanya kazi kabla ya akili.

"Wamekula nini wapi, Mwenyekiti! Si mnaona wenyewe? Tulikuwa salama mpaka alipoingia huyu! Salumu ana gundu! Kapiga ngoma mara moja tu, tumbo la beki likaitikia!"

Loh! Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwenyekiti alifuta machozi. Salumu mwenyewe alicheka, akasema, "Dada, unanionea." Pilau likasahaulika hapo hapo.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Gundu.

Mwanzoni ulikuwa utani. Akija, mtu anashika kiti chake asidondoke. Akipewa kikombe, mtu anasema kahawa itageuka maji. Mimi ndiye niliyekuwa naongeza kuni kila jioni, maana nilikuwa naogopa. Wakinyamaza tu, mtu angekumbuka tena lile swali la Mwenyekiti.

Mechi iliyofuata alikuja, tukafungwa. Iliyofuata hakuja, tukashinda. Jamani, timu yetu ilikuwa inafungwa hata kabla Salumu hajakanyaga Dar! Lakini nani akumbuke hayo? Watu wakaanza kuamini. Kweli kabisa, wakaamini! Ngoma wakamnyang'anya, wakampa mtu mwingine. Kisha ikatoka kwenye mpira ikaingia sokoni. Wauza vitenge wakawa wanamwambia, "Kaka, zunguka kule, usinipitie kabla sijauza." Wenye feni wakaanza kupeleka kwa mafundi wengine. Nilikuwa naiona meza yake. Zamani mapangaboi yalikuwa yamerundikana juu yake, sasa akawa anaifuta vumbi tu, anaifuta na kuifuta.

Asubuhi moja alikuja jikoni, mabenchi bado matupu. Nilikuwa nachambua mchele. Hakukaa.

"Dada," akasema, "siku ile na mimi nilikula lile pilau."

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo.

"Ulinipa sahani nilipokuja kukutengenezea feni yako. Ndiyo maana nilichelewa uwanjani. Tumbo liliniendesha, dada, mpaka nikaona giza. Kwa hiyo mimi na wewe tunajua."

"Salumu..."

"Sijamwambia mtu. Wala sitasema, hili jiko ndilo linakulisha. Ila nakuomba, waambie utani uishe. Wewe wanakusikiliza. Mimi nikisema naonekana nimekasirika."

Nilimwambia, "Leo leo, kaka yangu. Leo wakija nawaambia." Naapa nilimaanisha. Alinishukuru! Fikirini, mtu niliyemharibia kazi ananiambia ahsante dada, anarudi kwenye meza yake tupu.

Jioni wakajaa. Nilifungua mdomo niseme. Mmoja akaniwahi, "Mama, tupe habari za Gundu leo." Wote wakageuka, nyuso zimekaa tayari kucheka. Na Salumu yupo pale mwisho wa benchi, ananitazama, anangoja.

Nikasema, "Gundu kaja asubuhi kunisalimia, mkaa wote umezima."

Walicheka. Salumu hakucheka. Alinyanyuka taratibu, akarudisha kikombe mezani, akaondoka. Benchini hakuja tena.

Wiki mbili baadaye tukawa na mechi Kigamboni. Mwenyekiti akampigia simu Salumu mbele yetu, akamwambia kwa adabu kabisa, "Ndugu yetu, hii mechi tusaidie, baki nyumbani." Baada ya hapo mtu akasema hata simu yake tusipokee mpaka mpira uishe, anaweza kutuma gundu kwa simu. Tukacheka, tukakubaliana.

Tulivuka na pantoni kutoka Kivukoni tukiimba. Kipindi cha pili, tunaongoza bao moja, simu yangu ikaita. Salumu.

Niliinyanyua juu wote waone. "Gundu anapiga!"

"Kata! Kata!" wakapiga kelele, wengine wanakimbia kama nimeshika nyoka.

Nikakata. Akapiga tena. Nikakata. Akampigia Mwenyekiti, naye akakata. Akanirudia mimi. Nikaizima kabisa, watu wakanipigia makofi.

Tulishinda. Kwenye pantoni tunarudi, niliwatungia wimbo kwamba gundu tumeliacha Buguruni. Sijawahi kushangiliwa vile maishani mwangu.

Simu niliiwasha nimefika nyumbani. Sikumpigia. Nilijiambia atakuwa anataka kulaumu tu.

Kesho yake meza yake haikufunguliwa. Kesho kutwa yake mama mwenye nyumba wake akaja Kariakoo kuuliza watu wa Salumu ni akina nani. Alikuwa amemkuta sakafuni jana yake asubuhi, simu iko mkononi, mdomo umepinda. Kiharusi. Wapangaji wenzake wote siku ile walikuwa kwenye mihangaiko yao. Alilala pale tangu alasiri mpaka kulipokucha, na daktari alisema angewahishwa huenda mambo yangekuwa mengine.

Ee Mungu wangu! Sisi tulikuwa tunaimba!

Mkewe alikuja kutoka Newala. Nitamwita Somoe. Nilimpelekea uji wodini. Tawi zima, aliyekwenda ni mimi peke yangu. Wengine walitoa visingizio, ila najua waliogopa lile gundu tulilolitunga wenyewe.

Somoe alinishika mikono miwili. "Wewe ndiye dada yake wa Kariakoo! Kila akipiga simu nyumbani anakutaja. Anasema hapa mjini nina dada, usiwe na wasiwasi."

Salumu alikuwa macho. Hawezi kusema, mkono wa kulia umekufa, ule wa kufanyia kazi. Alinitazama. Sikuona hasira, bora ningeiona. Jicho moja lilikuwa linatoka machozi, sijui ni ugonjwa au ni mimi.

Somoe akatoa simu ya mumewe kwenye mkoba. "Dada, macho yangu hayaoni herufi hizi ndogo. Nisomee. Siku ile alikuwa anampigia nani? Nataka nijue kama kuna aliyemsikia."

Nikaichukua. Jina la juu kabisa lilikuwa Dada. Chini yake Mwenyekiti. Kisha Dada, na tena Dada. Salumu ananitazama.

Nikasema, "Ni mafundi wenzake hawa. Hawakupatikana."

"Maskini," Somoe akasema. "Labda walikuwa kazini."

Alimrudisha Newala kwa basi, amelazwa kwenye viti vya nyuma. Hakumaliza mwezi. Taarifa ilipofika, tawi walikuwa kwenye mabenchi yangu, wakainamisha vichwa, na mmoja akaanza kusema jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa watu. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama na mwiko mkononi, nikasema yote. Nyama, siki, ndimu, beki, ile asubuhi aliyokuja kuniomba.

Mnajua walifanya nini? Walicheka. Walidhani ndiyo mzaha wenyewe, mama anataka kutuliwaza! "Eti pilau!" mmoja akasema, anajipiga paja. Nikawaambia sitanii. Wakazidi. Nikaanza kulia, ndipo kicheko kikaanza kukatika, mmoja mmoja. Mwenyekiti aliweka kikombe chini, akaondoka. Wakamfuata.

Mabenchi sasa hivi ni matupu. Nauza chapati na chai kwa wapita njia. Tawi limehamia kwingine, na nasikia huko kumepatikana gundu mpya, muuza karanga. Nilikwenda kuwaambia waache. Hakuna aliyenisalimia.

Lakini hilo silo linalonikosesha usingizi. Somoe hajui. Sikukuu iliyopita alinipigia. "Eid njema, wifi yangu. Nimekutumia korosho kwa basi, kapokee. Za shambani kwa marehemu. Alikuwa anasema siku moja atakuletea." Nilikwenda kuzipokea. Kiroba kizima, kimeshonwa vizuri kwa uzi mwekundu, jina langu limeandikwa na mtoto wao.

Nimeshindwa kuzila, nimeshindwa kuzigawa. Nimeanza kuweka akiba ya nauli. Nitakwenda Newala nimwambie ana kwa ana, kisha anifanye anavyotaka.

Wenzangu mnaochekesha watu, vijiweni, kwenye matawi, kwenye magrupu ya simu: mtazameni mnayemcheka. Akiacha kucheka, acheni siku hiyo hiyo. Mimi niliahidi leo leo, nikashukuriwa, kisha nikaishia kutunga wimbo.