Baba Alipotaka Kuwaona Wavuvi

Katika miaka yote tuliyoishi Toronto, baba hakuwahi kuomba apelekwe mahali kutembea. Alikwenda kazini, kanisani, misibani na harusini, na siku za mapumziko alikaa dirishani kwetu Kingsview Village akitazama ndege zikishuka uwanja wa Pearson, akitaja kila moja imetoka wapi kana kwamba yeye ndiye aliyeziita. Kwa hiyo aliposema mezani, jioni moja ya Septemba, kwamba angependa kuona mahali watu wa nchi hii wanapovua samaki, niliacha kutafuna.

Wiki iliyofuata angepasuliwa moyo. Mishipa ilikuwa imeziba, na daktari alikuwa ametueleza kwa utaratibu mzuri jinsi watakavyomfungua kifua, wauzime moyo kwa muda, kisha wauwashe tena. Mama aliuliza kuhusu chakula. Mimi nilibaki na lile neno, wauzime.

Mama akasema ni wazo zuri, Jumamosi yeye ana zamu, basi tutoke sisi wawili tukapunge upepo. Hakuna aliyeona nilichokiona mimi. Baba yangu ni mtu wa Musoma, amezaliwa kando ya ziwa, na sasa, bila kuulizwa, alitaka kuona ziwa lenye wavuvi kabla ya siku ile. Kwetu mtu akikaribia kufa huaga. Hajui kwamba anaaga, au anajua na hasemi. Katika kila msiba wa Watanzania niliohudhuria tangu utotoni, kwenye kumbi za chini za makanisa na vyumba vya sherehe vya maghorofa, kulikuwa na mtu mmoja aliyefuta machozi na kusema, "Kumbe alikuwa anatuaga." Marehemu alipiga simu bila sababu. Marehemu alipita kusalimia tu, akala, akashukuru sana. Wote waliokuwepo walitikisa vichwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejua kwa wakati.

Mimi nilijua kwa wakati, na ujuzi huo haukunisaidia chochote.

Nilikuwa nimemaliza chuo majira ya kuchipua na sikuwa na kazi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha kuogopa kwa mpangilio. Nilichagua Ziwa Erie kwa sababu huko bado kuna vijiji vya wavuvi kweli, siyo vya kupigia picha tu. Nilipanga tuanze Port Dover, tufuate barabara ya kando ya ziwa hadi Port Rowan, kisha Port Burwell, halafu turudi. Kwenye ramani ya simu niliweka alama kwenye vivutio, kama wafanyavyo watu wote, na pia kwenye kila hospitali iliyokuwa njiani. Hamilton, Brantford, Simcoe. Baada ya Simcoe hospitali zilikuwa zimeachana sana, na usiku wa Ijumaa nililala nikiutazama uwazi ule kwenye ramani.

Asubuhi mama alituletea mfuko mlangoni. Ndani kulikuwa na ugali uliofungwa kwenye foili na sato wawili wa kukaanga. Baba alicheka hadi nikaogopa kicheko chenyewe. "Tunawapelekea wavuvi samaki," alisema. Mama akamwambia watu wa huko wanauza samaki waliovikwa unga kama andazi, samaki humjui kichwa wala mkia, atakula nini. Kisha baba akamuaga. Mama alikuwa anatafuta viatu vyake vya kazini na aliitikia bila kugeuka. Baba hakuondoka. Alisimama hadi mama alipoinua kichwa, akamwambia tena, "Haya, sisi tunakwenda," na mama akamtazama, akasema, "Nendeni salama." Nilikuwa nimeshika kitasa. Nilijiambia nisihesabu hilo. Nililihesabu.

Gari lilikuwa la mjomba, na leseni yangu kamili ilikuwa bado mpya. Kwenye barabara kuu niliendesha njia ya kulia, nyuma ya malori, mikono yote miwili kwenye usukani. Baba alikaa kimya kwa adabu ya abiria aliyeona dereva wake anaogopa. Kila alipokohoa nilitafuta kibao cha kutokea. Mahali fulani baada ya Brantford tulianza kupita mashamba yaliyofunikwa vitambaa vyeusi, shamba baada ya shamba, vitambaa vimetandazwa juu ya miti mifupi kama mahema ya msiba. Baadaye nilisoma kwamba ni mmea fulani wa dawa usiopenda jua. Siku ile sikutaka kuuliza.

Port Dover tulifika jua likiwa kali na upepo ukiwa mkali zaidi. Bandari yao ni mto unaoingia ziwani, na mashua za wavuvi zilikuwa zimefungwa ukingoni, za chuma, zimefunikwa juu mpaka chini, zina milango ya kuteleza na vidirisha vidogo. Baba alizizunguka kwa mshangao.

"Hizi ni friji," alisema. "Mvuvi anakaa ndani ya friji, samaki anamwonea wapi?"

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akivua kwa fimbo ya ndoano alimsikia akicheka, akacheka naye. Hilo likatosha. Baba alimsalimia kwa Kiingereza chake cha kikarani, akamuuliza habari za samaki, za watoto wake, za mkewe, wangapi bado wanakwenda ziwani siku hizi. Walishikana mikono mara mbili. Yule mzee hakujua kwamba huku kwetu salamu ndefu hivyo na mtu usiyemjua zina majira yake. Mimi nilisimama kando nikiangalia mawimbi.

Kuna gati ndefu ya saruji inayoingia ziwani, mwisho wake kuna mnara mdogo mweupe wa taa. Siku ile mawimbi yalikuwa yakipiga ubavu wa gati na kurusha maji juu, na mwanzoni mwake kulikuwa na kibao cha onyo. Nilimsomea baba kile kibao kwa sauti. Alinisikiliza hadi mwisho, akaanza kutembea.

Alitembea polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kama daktari alivyomwelekeza. Mimi nilikuwa upande wa maji, kana kwamba mwili wangu ungezuia wimbi. Niliwaza nitamkamata wapi akianguka, koti au mkono. Niliwaza kwamba nimejifunza miaka minne chuo kikuu na sijui kumbonyeza mtu kifua moyo ukisimama. Mwisho wa gati aliegemea ukuta wa mnara, akatia mkono ndani ya koti, upande wa kushoto, na mkono ukakaa humo.

"Baba!"

Akatoa simu. Akanitazama kidogo, akabonyeza namba, akaiweka sikioni.

"Kaka, shikamoo."

Kaka yake mkubwa, baba mkubwa kwangu, yuko Musoma, na hawakuwa wameongea tangu mazishi ya bibi, kwa ajili ya kiwanja. Mama alikuwa amejaribu kuwapatanisha, mchungaji alikuwa amejaribu. Baba alihamia Kijita, lugha ninayoisikia nusu, na katika ile nusu hakutaja kiwanja. Aliuliza mvua. Aliuliza ng'ombe. Alisema yuko ziwani, hapana, siyo hilo, la huku, halina chumvi vilevile. Kisha akanyoosha mkono na simu kuelekea mawimbi, akasubiri, akairudisha sikioni na kuuliza, "Umesikia?" Alipokata alikaa na simu kiganjani. Niliona tu kwamba sasa hakubaki mtu wa kuagwa.

Barabara ya kutoka pale kuelekea magharibi ni nzuri, ziwa likijitokeza kushoto na kupotea nyuma ya mahindi. Nadhani ni nzuri. Nilikuwa naendesha huku nikimtazama baba kwa pembeni, na baada ya Port Rowan, ambako alisema tusishuke, amechoka, alifumba macho. Mara ya kwanza nilipomtazama kidevu kilikuwa juu. Mara ya pili kilikuwa kifuani na mkono wake ulikuwa umeangukia kiti. Nilimwita kwa sauti ya kawaida. Nilimwita kwa sauti kubwa. Nililisogeza gari kwenye changarawe, nikafunga breki, nikaweka vidole chini ya pua yake.

"Mbona tumesimama?" aliuliza bila kufumbua macho.

Nikasema taa ya gari imewaka, nilikuwa naangalia. Alifumbua jicho moja, akautazama mkono wangu uliokuwa bado umeelea mbele ya uso wake.

"Imezimika?"

"Imezimika."

"Basi twende, mama. Nina njaa."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Tangu utotoni nilipenda hivyo, lakini siku ile kila aliponiita nilisikia kama ananikabidhi kitu.

Port Burwell tulikuta benchi linalotazama maji, mbali kidogo na duka la samaki ambako watu walipanga foleni kwa ajili ya wale samaki wa kuvikwa unga. Niliandaa chakula juu ya mfuko, nikanawisha mikono yake kwa chupa ya maji. Alimega ugali, akachukua sato wake, akamvunja shingoni, na kile kichwa akakiweka upande wangu wa foili.

Nyumbani kwetu kichwa cha samaki ni cha baba. Hakuna aliyewahi kutufundisha, hakuna aliyewahi kuuliza. Mama anaweza kupika samaki watatu kwa wageni kumi na vichwa vyote vitatu vitaelekezwa kwa wenye haki navyo. Nilipokuwa mdogo nilikililia, nikaambiwa nitakula kichwa siku nitakapokuwa na nyumba yangu, na baba akaendelea kunyonya macho. Nilikitazama kile kichwa, nikaweka chini tonge langu.

"Baba," nikasema, "unatuaga?"

Nilipolisema nilitamani kulirudisha. Neno hilo halisemwi mbele ya mgonjwa. Lakini baba aliendelea kutafuna, akameza, akafuta vidole.

"Ndiyo," alisema. "Ulitaka niende bila kuaga? Mtu akienda dukani tu anaaga. Mimi naenda kulazwa usingizi na watu nisiowajua wanipasue. Niondoke kimya, kama mwizi?"

"Wanaoaga hivi hawarudi."

"Nani kakwambia?"

Nikamwambia nani. Nikamtajia misiba, mmoja mmoja, na waliyoyasema watu. Alinisikiliza kwa umakini uleule aliosikilizia kile kibao cha gatini.

"Sasa mama, msibani utamwona wapi aliyerudi? Aliyeaga akarudi yuko kwake, anakula. Nani atafuta machozi kwa ajili yake?"

Sikucheka. Nikamwonyesha kichwa cha samaki kwa kidole. Alifungua mdomo, akavuta shavu, akanionyesha gego la nyuma, jeusi upande mmoja. "Hilo linaniuma tangu juzi. Kichwa ni jino. Usichanganye mambo." Halafu akaacha shavu na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. "Lakini naogopa. Usidhani siogopi. Mama yako nikimwambia ananiambia tusali, tunasali, inakwisha. Kanisani wananiambia madaktari wa huku ni mabingwa. Kila mtu ana jibu. Wewe huna jibu. Tangu asubuhi nakuona unavyoogopa, nikasema, afadhali, tuko wawili."

Mtoto wa mtu alikuwa akiwarushia ndege shakwa viazi. Nilimuuliza anaogopa nini hasa, akasema siyo kufa, kufa mtu hajui, anaogopa kuamka asijijue, au kuamka na kukuta sisi tumechoka naye. Mimi nikamwambia yangu. Yalikuwa mengi, na baadhi yalimshangaza. Hakuwahi kufikiria kwamba umeme wa hospitali unaweza kukatika. "Aa, hilo umeniongezea," alisema, na sasa tulicheka wote wawili, vibaya, hadi akashika kifua na nikanyamaza ghafla.

Kichwa nilikila. Niliacha macho.

Siku ya upasuaji walituruhusu kumsindikiza mpaka kwenye milango miwili mizito. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya karatasi kichwani, mdogo kuliko alivyo. Mama alikuwa anasali kwa midomo. Baba akamuaga mama, kisha akanigeukia mimi, akasema, "Haya mama, kwaheri."

Wiki nzima nilikuwa nimeamua kwamba sitaitikia. Nilikuwa nimejishawishi kwamba kuaga kunahitaji watu wawili, kwamba asipopewa ruhusa hataweza kwenda. Muuguzi alikuwa ameshaweka mkono kwenye mlango. Baba alisubiri, vilevile alivyomsubiri mama siku ile ya viatu, na niliona kwamba angeingia mle ndani ameacha jambo halijafungwa. Nikamwambia, "Kwaheri, baba. Urudi." Akafumba macho, wakamsukuma.

Nilimwona tena jioni. Alikuwa na mpira wa kupumulia kooni, hawezi kusema, na mashine zilizomzunguka zilikuwa zikilia kwa sauti tofauti tofauti, kila moja nikiitafsiri vibaya. Alipofumbua macho alitutafuta, akatukuta. Aliyeaga akirudi hupiga hodi mwenyewe, ila yeye hakuwa na mdomo wa kupigia, basi nikainama nikamwambia karibu, karibu baba. Vidole vyake vilisogea kwenye shuka. Nilimtazama kifua kikipanda na kushuka chini ya ile bandeji ndefu, nikasimama hivyo nikingoja kila mara kiinuke tena, mpaka muuguzi akaniletea kiti.