Mwewe Anaogopa Kupanda

Jina la Mwewe hakujipa mwenyewe. Walimpa mafundi wa zege miaka kumi na tisa iliyopita, kwa jinsi alivyokuwa akikaa huko juu kwenye kibanda cha kreni ya mnara, akiwaangalia wao huku chini kama vifaranga. Nalo lilimkaa vizuri, akatembea nalo kifua mbele. Bwana yule angeweza kushusha tangi la maji juu ya paa bila kumwamsha paka aliyelala pembeni. Sipigi chuku, waulize waliokuwepo.

Basi Mwewe huyo huyo, kwa miezi minne sasa, alikuwa akikaa stoo anagawa glovu.

"Mgongo," aliwaambia watu. "Daktari kanikataza ngazi."

Mgongo gani, jamani? Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Kilichomtoa juu ni woga, na woga wenyewe ulikuwa na tarehe. Siku hiyo alikuwa amenyanyua furushi la nondo. Mkanda wa kufungia mzigo ulikuwa umechakaa na hakuna aliyeliona hilo. Ukakatika, nondo zikaporomoka mahali pale pale aliposimama Kipaza, yule anayemwelekeza kwa redio kutoka chini. Vumbi likatanda. Kwa muda wa nusu dakika hivi Mwewe alijua ameua mtu, tena rafiki yake. Kisha redio ikakoroma, na Kipaza, mwenye sauti ya kusikika hata bila redio, akasema, "Nipo! Nilisogea kufunga kamba ya kiatu!"

Watu walicheka mpaka machozi, kicheko cha walionusurika. Uchunguzi ukafanyika, Mwewe akaonekana hana kosa. Lakini ile nusu dakika haikumtoka. Kila alipoweka mguu kwenye ngazi ya mnara, magoti yalimkataa. Ndipo akaubuni ule mgongo, na mafundi wakamwonea huruma, na kadiri walivyomwonea huruma ndivyo alivyozidi kuona aibu.

Alhamisi moja Injinia akaingia stoo, akafunga mlango nyuma yake.

"Mzee wangu, dereva niliyemwazima anaondoka Jumamosi," alisema. "Jumatatu asubuhi nataka mtu juu. Ukipanda, kibanda ni chako. Usipopanda, nakuandika stoo moja kwa moja na naleta mwingine. Sikulaumu, ila siwezi kungoja tena."

"Nitapanda," Mwewe alijibu.

Ulimi ndio uliosema hivyo. Miguu haikuulizwa.

Ukweli wote aliujua mtu mmoja tu, mkewe, Mama Pacha. Angekosaje kuujua, naye ndiye aliyemwona akishindwa kusimama juu ya stuli kubadilisha balbu? Hakumsema. Aliichukua ile balbu, akapanda mwenyewe, akaiweka, wakanywa chai.

Mama Pacha alikuwa mwimbaji wa kwaya. Mwewe kwa upande wake alikuwa mtu wa getini. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe mpaka kwenye geti la kanisa, kisha akakaa nje kwenye benchi na gazeti lake mpaka ibada iishe. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi na Mungu tunaheshimiana. Kila mtu na kazi yake." Jibu hilo alilipenda sana, na alilirudia mpaka watu wakaacha kumuuliza.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, kina mama wanne wa sauti ya pili walikuja kufanya mazoezi sebuleni, kama walivyozoea. Sauti ya pili, kwa asiyejua, ni ile inayopita chini ya wimbo. Ukiisikia peke yake inapanda kidogo, inashuka kidogo, inarudi ilikotoka. Mwewe alikuwa akiwatania siku zote: "Shemeji zangu, wimbo wenu huu unakwenda kama mtu anayetafuta funguo." Siku hiyo hakuwatania. Alikuwa chumbani, amejilaza na viatu vyake, anahesabu saa zilizobaki kufika Jumatatu. Kila akizihesabu zilikuwa chache kuliko alivyotaka.

Mmoja wa wale mama alikuwa akikosea mahali pamoja, basi wakawa wanarudia, wanarudia.

*Nikiwa juu uko, nikiwa chini uko,*
*wanishika mkono nisipoona pa kushika.*

Labda mara ya ishirini hivi, Mwewe akagundua midomo yake inacheza. Alikuwa akiimba nao, kimyakimya, sauti ya pili. Akainuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa sebule.

"Hayo maneno kayatoa nani?"

"Mwalimu wetu katunga kutoka kwenye zaburi," alijibu Mama Pacha. Akamwangalia mumewe usoni, akafungua Maandiko, akaisoma zaburi yote taratibu. Ni maombi ya mtu anayemwambia Mungu kwamba hana pa kujificha asionekane: akipanda mpaka mbinguni atamkuta huko, akijitandikia chini kabisa kuzimu atamkuta pia, na hata giza halimfichi.

"Rudia hapo pa kupanda," alisema Mwewe.

Mama Pacha akarudia.

"Shemeji," mmoja wa wale mama akadakia, "huyu aliyeandika naye alikuwa dereva wa kreni nini?"

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Mwewe. Alikuwa anafikiri juu ya huyo mtu wa zamani, ambaye bila shaka naye aliwahi kuwa mahali pa juu akatetemeka, maana mtu asiyeogopa haandiki hivyo. Akamwomba mkewe aukunje ukurasa pembeni.

Jumapili akamshangaza kila mtu kwa kuingia ndani. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kama fundi aliyekuja kupima madirisha. Kwaya iliposimama na kuanza ule wimbo, hakuutambua. Sauti ya kwanza ilikuwa kitu kigeni kwake, na wanaume wakaingia kwa chini, zikachanganyika. Halafu humo ndani akaisikia ile aliyoizoea, ikipanda kidogo, ikishuka kidogo. Kumbe! Ile aliyoidharau miaka yote ndiyo iliyokuwa imeushika wimbo mzima usitawanyike. Machozi yakamtoka pale pale, akajifanya ana mafua.

Hakuona malaika, wala hakuanguka chini. Alisema tu moyoni, tena kwa ukali kidogo, kama anavyosema na mafundi: kama uko kweli, basi kesho uwe kwenye ngazi.

Kesho ikafika upesi mno. Alivaa mkanda wa usalama, akaangalia kila kifungo mara tatu. Redio akaiangika kifuani. Kipaza alimpiga begani akasema, "Mgongo vipi?" naye akajibu, "Afadhali." Akaanza kupanda.

Ngazi ya mnara inapita ndani kwa ndani, na kila baada ya vipandio kadhaa kuna jukwaa dogo la kupumzikia. Jukwaa la kwanza alilifikia kwa haraka, kwa ubishi tu. La pili alilifikia akiwa amefumba macho. La tatu ndilo lililomshinda. Upepo ulivuma kidogo, chuma kikalia, na Mwewe akachuchumaa, mkono mmoja umekumbatia nguzo, mwingine umeibana redio kifuani. Kupanda hawezi. Kushuka hawezi. Alihema kama aliyetoka kuzama.

Hapo ndipo alipoanza kuimba, kwa sauti iliyokauka, maneno yakikatika. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba na wa pili. Wimbo ukamwishia, woga ukawa bado upo, basi akaanza kusema.

"Mungu, mgongo wangu hauna kitu. Nimewadanganya wote. Naogopa. Naogopa nitamuua Kipaza, na safari hii hatakuwa amesogea. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayekuheshimu kwa kukaa nje, kumbe nilikuwa nakukimbia. Sijui kuomba. Usiniache hapa katikati. Nakusihi, usiniache hapa katikati."

Asilolijua ni kwamba mkono ulioibana redio ulikuwa umekandamiza kitufe cha kusemea. Na redio hizi zina tabia moja: mmoja akishika kitufe, wengine wote hawana la kufanya ila kusikiliza. Huku chini kila nyapara alikuwa na redio yake. Mashine ya zege ilizimwa. Wakata nondo wakaacha kukata. Kipaza alikuwa akipunga mikono yote miwili na kupiga kelele, "Achia kitufe! Achia!" lakini upepo ukamchukulia sauti, kubwa kama ilivyo.

Mwishowe vidole vya Mwewe vilikufa ganzi, vikalegea.

"...kitufe! Mwewe, achia kitufe!"

"Kitufe gani?"

"Cha redio, ndugu yangu. Umekishika tangu ubeti wa kwanza."

Mwewe akaitazama redio kifuani. "Mmesikia nini?"

"Yote," alisema Kipaza. "Mpaka mgongo."

Sauti nyingine, ya nyapara wa wakata nondo, ikachomekea, "Halafu anaimba sauti ya wanawake!" Kicheko kikaanza, kikakatwa ghafla. Bila shaka kuna aliyekanyagwa mguu.

Loo! Aibu aliyoiona Mwewe isikie tu kwa watu. Miezi minne ya kuguna na kushika kiuno, yote imekwisha kwa kidole kimoja. Huku chini kulikuwa na watu sitini wanaojua kila kitu. Injinia akasema kwa upole redioni, "Mzee wangu, ukitaka kushuka, shuka. Hakuna atakayekucheka mbele yangu."

Mwewe alikaa pale akijitafutia cha kuficha, asikipate. Hakikubaki hata kimoja. Na jambo la ajabu, alipokikosa alipata pumzi. Alijiona mwepesi, mwepesi wa aibu, lakini mwepesi. Tena akakumbuka kwamba alichokuwa akikisema hakukisema kwa Kipaza wala kwa Injinia. Alikuwa akisema na mwingine, na huyo mwingine alikuwa amemkuta hapa hapa, jukwaa la tatu, akiwa amechuchumaa vibaya.

Akasimama. Akashika kipandio kilichofuata, kisha kilichofuata. Magoti yaliendelea kutetemeka, akayaacha yatetemeke, almradi yanapanda.

Sitaki kukudanganya kwamba kibandani woga ulimtoka. Aliketi kwenye kiti chake cha zamani, akashika mitambo, akaiachia, akaishika tena. Chini walikuwa wanafunga mzigo wa kwanza. Ulikuwa furushi la nondo, maana ndizo zilizokuwa zinahitajika. Aliweza kuiona kofia ya njano ya Kipaza, ndogo, ikizunguka mzigo, ikiinama, ikiinuka.

"Mzigo umefungwa," ilisema redio. "Mkanda mpya, nimeukagua mara mbili. Vipi huko juu?"

Miaka kumi na tisa jibu la Mwewe lilikuwa moja: shwari. Akabonyeza kitufe.

"Naogopa," alisema.

Ile kofia ya njano iliacha kuzunguka mzigo.

"Hata mimi," alisema Kipaza, kwa sauti ndogo ambayo Mwewe hakuwahi kumsikia nayo. "Tangu siku ile. Kila mzigo ukinyanyuka natamani kukimbia, sijamwambia mtu. Sasa nisikilize. Shika tena hicho kitufe uimbe, nami nisikie vizuri. Halafu nyanyua."

Mwewe akakishika, akaimba mpaka mwisho, kisha akanyanyua.