Foklifti Iliyopashwa Moto

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ushirika, Singida Mjini, Fundi Mkuu hakunipa hata spana. Alinipeleka kwenye foklifti ya ghala la alizeti, mashine ile ya kunyanyulia mizigo, akasema, "Weka kiganja kwenye injini kabla hujaiwasha. Ukikuta ni ya moto, ondoka. Mwenye mali anakuficha kitu."

Injini mbovu ya dizeli, vijana, husumbua ikiwa baridi. Ringi za pistoni zikilika, mgandamizo unashuka, stata inazunguka weee na injini haishiki. Ikishapashwa moto inawaka mara moja, nawe unaingia mkenge. Kwa hiyo tulisubiri ipoe, tukaiwasha, tukatazama moshi. Wa bluu maana yake inaunguza oili. Tulifungua pia kifuniko cha oili, na ikipumua kwa nguvu pale, ringi zimekwisha. Yote hayo alinifundisha yeye.

Likaja soko huria. Karakana ikafungwa, kila mtu akashika njia yake. Mimi nikaajiriwa kwenye kiwanda cha kukamua alizeti kule Mwankoko. Fundi Mkuu akawa wakala wa mashine za mitumba, na tajiri wangu akanituma kwake nikague foklifti.

"Karibu ndani, tunywe chai kwanza," akasema. Ningekataaje chai ya mwalimu wangu? Akanimiminia, akatoka. Kikombe cha pili kingali mkononi, nikatambua kuwa ile injini inayonguruma uani ni ya foklifti. Nikatoka mbio, nikaigusa. Lo! Ilikuwa inachoma.

"Fundi, mbona ya moto?"

"Nimekupashia usicheleweshwe. Usiniharibie riziki, bwana."

Nikamwambia tajiri asinunue. Akacheka. "Unamkosoa aliyekufundisha? Umekuwa nani wewe?" Akanunua. Msimu wa mavuno ulipofika, foklifti ikawa inagoma kila asubuhi, malori yamepanga foleni nje. Tajiri akamwita Fundi Mkuu. Yule mtu, bila kupepesa macho, akasema, "Kijana wako aliikagua mwenyewe, akaridhika."

Tajiri alikumbuka vizuri kwamba nilimkataza, ila uongo ule ulimwokoa na aibu; nikafukuzwa siku ileile. Na kwa kuwa neno la Fundi Mkuu mjini lilikuwa sheria, hakuna karakana iliyonipokea tena. Nimezeekea kwenye mashamba ya vitunguu, kule Unyambwa. Wenzangu walistaafu, mimi nilitupwa.

Mnaniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe, na sitaki. Lakini tukikutana sokoni yeye ni mkubwa wangu, nifanyeje? Nainamisha kichwa, "Shikamoo, Fundi." Naye huitikia kwa sauti, watu wote wasikie: "Marahaba, mwanangu!"