Familia Yangu ya Mchombe

Miaka ile ya tisini nilikuwa mtu pekee katika mradi wetu niliyejua kuandika programu za kompyuta, na nilihakikisha Ifakara nzima inalijua hilo. Nilitembea na disketi kwenye mfuko wa shati hata nilipokwenda sokoni kununua dagaa. Mradi wenyewe ulikuwa mdogo, wa mambo ya lishe, na umeshafungwa siku nyingi: nyumba ya vyumba vinne mtaa wa Viwanja Sitini, kompyuta tatu, na wadodosaji waliopita kaya kwa kaya katika vijiji vya bonde wakiwapima watoto uzito. Kila mwezi mdodosaji alipewa orodha ya kaya zake iliyochapwa na kompyuta. Alirudisha fomu, makarani wakaziingiza, ikatoka orodha mpya.

Programu ya kutoa orodha hizo niliiandika mimi, nayo ilinitesa. Kila nilipobadilisha kipande kimoja ilibidi niunganishe upya vipande vyote, niijaribu, kisha niinakili kwenye disketi na kuipeleka kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Mimi ni mvivu, ila uvivu wangu huwa nauita ubunifu. Nikaandika programu ya pili ya kunifanyia kazi hiyo yote. Ijumaa mchana nilibonyeza kitufe kimoja, nikaegemea kiti, nikaagiza chai. Yenyewe iliunganisha, ikajaribu, ikanakili, kisha ikaandika kwenye kioo: SAWA. Nilimwita mkuu wa mradi aje alione neno hilo. Alikuja, akaliona, akarudi kwenye kazi zake.

Ili iwe na cha kujaribia, niliitungia kaya moja ya kuiingiza kwenye rejista kila Ijumaa. Nilijipendelea: mwanamume wa umri wangu, wake wawili, watoto saba, kati yao mapacha, na bibi wa miaka mia na moja, nione kama programu itakubali umri wa tarakimu tatu. Wakati huo mimi hata mchumba sikuwa naye. Niliwaweka Mchombe kwa sababu ndicho kijiji kilichokuwa mbele yangu kwenye kioo. Jaribio likiisha, kaya hiyo ilipaswa kufutwa. Mstari wa kuifuta sikuuandika, maana chai ilikuwa imefika.

Mdodosaji wa Mchombe alikuwa mzee wa makamo, Mpogoro kutoka upande wa Mahenge, aliyewahi kuwa katekista. Akikosea namba kwenye fomu aliikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi pembeni. Alipoikuta kaya yangu kwenye orodha yake hakushangaa. Kule watu huhamia mashambani miezi mizima kuamia ndege wasimalize mpunga, na mgeni aliyehamia majuzi anaweza asijulikane na mtu. Akaandika: "Hawapo, wako shambani." Mwezi wa pili akawafuata huko huko kwa baiskeli, kibanda hadi kibanda, akimuulizia bibi wa miaka mia na moja. Mwezi wa tatu akaandika: "Balozi wa nyumba kumi hawatambui. Kaya hii haipo." Jumatatu karani akaifuta kwenye rejista. Ijumaa nikabonyeza kitufe changu, wakarudi wote na bibi yao.

Mwezi wa nne akaandika vilevile, wakafutwa, wakarudi. Mimi orodha za vijiji sikuwa nazisoma. Niliona hiyo ni kazi ya watu wasiojua kuandika programu.

Mkuu aliona jambo moja tu: mdodosaji anasema kaya haipo, kompyuta inasema ipo. Na nilikuwa nimeshamhakikishia kwa mdomo wangu kwamba kompyuta haisemi uongo. Akaamua kumwandikia mzee barua: asipoifikia kaya hiyo mwezi huu, mkataba wake hautaongezwa. Barua niliichapa mimi, na ile namba ya kaya niliipiga bila kuitambua.

Fomu ikarudi mwisho wa mwezi. Mkuu akaniletea mezani, ameridhika kabisa.

"Unaona? Ulikuwa uvivu tu. Tumembana kidogo, amewapata."

Nikaisoma. Kaya yote ilikuwepo. Watoto saba wamepimwa, mapacha wamepishana robo kilo. Chini, kwa mwandiko ule ule uliotulia, aliandika: "Wote wazima, ila bibi analalamika mgongo." Hapo ndipo nilipowatambua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtu asiyebadilisha hata namba moja bila sahihi alikuwa amewapima uzito watoto wangu wasiokuwepo duniani, kwa sababu ya mstari mmoja nisiouandika. Nikisema ukweli, fomu yake ni ya kughushi na anafukuzwa. Nikinyamaza, yuko salama, na mimi niko salama. Hilo la pili sikulitamka hata moyoni.

Niliuandika ule mstari, kisha nikadandia lori lililokuwa linafuata mpunga Mchombe. Njiani nilijiona mkombozi.

Nilimkuta uani kwake anatengeneza mnyororo wa baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za Ifakara?"

"Nzuri. Mzee, ile kaya." Nikamweleza yote: kwamba niliitunga mimi, kwamba mashine iliirudisha kila Ijumaa, kwamba sasa nimeifuta na hakuna atakayejua.

Alijifuta mafuta mikononi taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo yule bibi hayupo."

"Hayupo, mzee."

"Nimemtafuta mpaka ng'ambo ya mto." Akaitazama baiskeli yake. "Nilisali kabla ya kuijaza ile fomu. Nikasali tena baada ya kuijaza. Haikunisaidia. Kesho nakuja kumwambia mkuu."

Nikaanza kumsihi. Nilimkumbusha mkataba, nikamkumbusha watoto wake, nikamkumbusha hata umri wake. Alinisikiliza hadi nilipoishiwa, kisha akauliza kwa upole, "Unaniogopea mimi, au unajiogopea wewe?" Nilirudi na lori lile lile, juu ya magunia, na safari hii sikujiona mkombozi wa mtu.

Asubuhi nilimkuta nje ya mlango wa mkuu, shati limenyooshwa kwa pasi. Alikuwa amekuja na basi la alfajiri. Angeweza kuingia peke yake na kuyamaliza. Alikuwa ananisubiri.

"Tangulia wewe," akasema. "Familia ni yako."

Nikatangulia. Mkuu alitusikiliza bila kutukatiza, kisha akaichana nakala ya ile barua niliyoichapa. Mzee alipata mkataba wake, pamoja na onyo la maandishi kwa ajili ya ile fomu. Mimi nilipewa sharti: kitufe changu kibonyezwe mara moja tu kwa mwezi, na disketi isitoke ofisini kabla mzee wa Mchombe hajaisoma orodha yote.

Basi kila mwisho wa mwezi alikuja. Mashine iliandika SAWA na hakuna aliyeitazama. Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye karatasi kutoka juu hadi chini, na kabla ya kutia sahihi aliinua uso, akaniuliza mbele ya makarani wote:

"Familia haijambo?"

"Haipo, mzee," nilijibu, nimesimama.

Ndipo alipotia sahihi.