Kibarua wa Mahindi Katika Boma Langu

Nimekasirika, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe.

Nilinunua nyumba ya Mzee Wafula karibu na Kitale, pamoja na shamba lake dogo. Hati ikatoka kwa jina langu. Siku yake ya kuhama ilipofika, akaniambia kwa upole, "Kijana wangu, utanifukuza na mahindi yangu bado yako shambani? Acha nivune tu." Ningemkataliaje mtu wa umri wa baba yangu? Nikakubali kwa mdomo, bila kuandika popote.

Akavuna. Kisha ati lazima yakauke. Yalipokauka, ati hana watu wa kupukuchua. Mimi, mwalimu mzima, nikaomba ruhusa kazini siku tatu, nikapukuchua na kushona magunia ili aondoke haraka. Akanishukuru, akabaki.

Mke wangu aliyekuwa Bungoma nilimpigia kutoka kibanda cha simu, nikamdanganya kwamba nyumba inapakwa rangi. Jumamosi iliyopita akaja na babake kuiona. Tukamkuta Mzee ameketi barazani, anachagua mbegu za kupanda.

"Karibuni!" akasema, akimshika baba mkwe mkono. "Huyu kijana wenu ni kibarua mzuri sana. Hata halipwi, bana!"

Baba mkwe akanigeukia. Nikafungua mdomo nieleze, lakini Mzee akanikatiza: "Kijana, si uletee wageni viti?"

Nikaingia ndani ya nyumba yangu, nikaleta viti viwili. Mimi nikabaki nimesimama.